Turbo inakata ukikanyaga mafuta: jinsi ya kufika kwenye plagi sahihi

Dalili huja hivi. Mjini gari halina neno: linawaka, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia, linakwenda. Likitoka barabara kuu, ukataka kulipita lori kwenye mlima wa Kitonga, unakanyaga mafuta, turbo inaanza kuvuta, na hapo hapo linashtuka-shtuka kama petroli imekatika. Ukiachia pedali kidogo, linatulia. Taa ya injini inamwekamweka kisha inazima. Gereji unaambiwa ubadili plagi, unanunua zozote zinazoingia kwenye tundu, na baada ya wiki tatizo liko palepale au limekuwa baya zaidi.

Nazungumzia hasa Subaru, yaani Forester na Impreza zenye EJ20 ya turbo, kwa kuwa ni injini ambayo mafundi wetu wengi wameshaifungua. Mengi ya haya yanahusu pia Golf za TSI, Mark II yenye 1JZ-GTE na ndugu zao. Msimamo wangu ni mmoja: plagi ya turbo huchaguliwa kwa namba, na namba ya kuanzia ni ya kiwanda. Daraja la joto, mwanya (pengo linalorukwa na cheche), na urefu wa tredi (nyuzi za kukazia). Habari ya iridiamu au platinamu inakuja baada ya hizo tatu. Na plagi za zamani zisiende kwenye pipa la taka kabla hazijasomwa, maana ndizo zitakazokuambia kama tatizo ni plagi kweli au ni kitu kingine kabisa.

Turbo inadai nini kwenye plagi

Turbo husukuma ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ambayo pistoni ingevuta yenyewe. Kwanza, cheche inapata kazi ngumu: mchanganyiko ukibanwa zaidi, umeme unahitaji volti nyingi zaidi ili uruke kutoka ncha ya kati hadi kwenye mkono wa pembeni. Ndiyo maana injini isiyo na turbo mara nyingi hupewa mwanya wa 1.0 hadi 1.1 mm, na ya turbo hupewa 0.7 hadi 0.8 mm. Pili, joto la mwako linapanda, na plagi inabidi ilitoe haraka likaingie kwenye silinda hedi na kuchukuliwa na maji.

Ncha ya plagi ina eneo lake la joto la kufanyia kazi. Chini ya nyuzijoto 450 hivi, masizi hayaungui, yanajikusanya kwenye kauri na umeme unapata njia ya mkato ya kupotea. Ikipita 850 hivi, ncha inawaka wekundu na kuwasha mchanganyiko kabla cheche haijatoka. Kinachoamua ncha itakaa wapi ni urefu wa kauri iliyo ndani. Kauri ndefu hushika joto, hiyo ndiyo plagi moto. Kauri fupi hulitoa upesi, hiyo ndiyo plagi baridi. Daraja moja hubadilisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100 hivi. Ukali wa cheche haumo kwenye hesabu hii hata kidogo; plagi moto haina cheche kali kuliko plagi baridi.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi dukani. Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba kubwa ni plagi moto. Tena NGK na Denso hazitumii namba zilezile: 6 ya NGK inalingana na 20 ya Denso, 7 ni 22, na 8 ni 24. Mtu akibadili kampuni kwa kukisia namba, anaweza kujikuta ameweka plagi moto zaidi kwenye injini ya turbo akiamini amefanya kinyume chake.

Tuichukue BKR6E-11 ya NGK. B inasema tredi ni 14 mm, K inahusu kichwa cha spana ya 16, R kwamba ina rezista, 6 ni daraja la joto, E ni urefu wa tredi wa 19 mm, na 11 ya mwisho ni mwanya wa 1.1 mm. Ile 11 ndogo ndiyo itakayotusumbua huko mbele.

Zitoe na uzipange

Injini iwe imepoa kabisa. Hedi ni ya alumini, na tredi za alumini zikiwa na moto hukubali kuharibika kwa urahisi. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, chini, kwa hiyo utatoa betri upande mmoja na boksi la eyaklina upande wa pili ili mkono na ratcheti vipite. Kabla ya kulegeza, puliza hewa kwenye mashimo. Mchanga ulioko humo ukidondoka ndani ya silinda utabaki humo. Kisha zipange juu ya kitambaa kwa namba za silinda: kwa mtu aliyekaa ndani ya gari, 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 ziko kushoto, 1 na 2 zikiwa mbele. Fundi anayezitumbukiza zote nne kwenye kopo moja ameshafuta nusu ya ushahidi.

Sasa shika moja, uielekeze kwenye mwanga, na uitazame kauri iliyo ndani. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni dalili njema. Tazama ncha ya kati: ina kingo kali, au imekuwa ya mviringo? Ikiwa imelika, cheche inahitaji volti zaidi, na mwanya umekua bila mtu kuugusa. Pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) uupime.

Jambo moja la kukuondolea hofu: pete ya kahawia juu ya kauri ya nje, pale inapokutana na chuma, watu wengi huiona wakadhani plagi inavujisha moshi. Ni alama tu ya umeme kuvuta chembe za mafuta yaliyomo hewani, wala haina madhara. Kilicho kibaya ni mstari mweusi mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini kwenye kauri ya nje. Hapo umeme umepita nje ya plagi. Mpira wa koili (inayoipa plagi umeme) uliokuwa juu yake nao umechomeka kwa ndani. Ukiweka plagi mpya na mpira uleule, mstari utarudi.

Linamisi turbo ikivuta, mengine yote sawa

Hii ndiyo dalili ya Kitonga; kumisi ni silinda kukosa kuwaka kwa zamu yake. Gari likiwa linajiendea tu, shinikizo ndani ya silinda ni dogo na hata cheche dhaifu inatosha. Turbo ikivuta, cheche dhaifu inazimwa. Kwa hiyo unatafuta kitu kinachodhoofisha cheche, na cha kwanza kupimwa ni mwanya.

Forester moja niliyoishuhudia ilikuwa imebadilishiwa koili zote nne na bado inamisi mlimani. Ndani mlikuwa na BKR6E-11 mpya, safi, za rangi nzuri. Daraja la joto lilikuwa sahihi, urefu sahihi, zimeingia bila shida. Kosa lilikuwa kwenye ile 11. Mwanya wa 1.1 mm kwenye injini inayotaka takribani 0.8 ni pengo ambalo koili inaweza kuliruka mjini na kushindwa kuliruka chini ya presha ya turbo. Dukani zilionekana ni zilezile, kwa sababu kwa macho zinafanana. Vivyo hivyo PFR6G, ambayo ni plagi ya platinamu ya WRX (Impreza ya turbo) zenye EJ205, toleo la EJ20, ina ndugu yake anayeishia na 11. Soma mpaka herufi ya mwisho.

Mwanya ukiwa sawa, nenda kwenye koili. Hapa hakuna haja ya kukisia wala kununua. Soma kodi za hitilafu kwa mashine ya uchunguzi: P0301 hadi P0304 zinataja silinda inayomisi, P0300 inasema inamisi ovyo bila mpangilio. Tuseme ni P0303. Hamisha koili ya silinda ya 3 ipeleke ya 1, futa kodi, endesha. Kodi ikigeuka P0301, koili ndiyo. Ikibaki P0303, hamisha plagi vilevile. Ikiendelea kubaki P0303, acha habari za cheche. Sasa ni injekta (inayopuliza petroli) au kompresheni (mbano wa silinda). Kwenye injini za EJ za turbo, pistoni zinajulikana kwa kuvunjika kingo za ringi, hasa ya silinda ya 4, kwa hiyo P0304 isiyohama ni sababu tosha ya kupima kompresheni kabla ya kutumia shilingi nyingine.

Halafu kuna oili kwenye mashimo. Gasketi za tapeti kava za Subaru zikizeeka, sili za mashimo ya plagi huachia oili, na kwa kuwa injini imelala, oili inatulia pale pale kwenye mpira wa koili. Mpira unalainika, unavimba, umeme unatorokea pembeni. Dalili ni rahisi: koili inatoka imelowa oili, lakini ncha ya plagi iliyokuwa ndani ya silinda ni kavu. Badili gasketi na sili, badili mipira. Plagi zinaweza kuwa hazina kosa.

Asubuhi linasumbua, plagi ni nyeusi

Masizi makavu, meusi ti kama ya kibatari, yanayofutika kwa kidole: mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa, au plagi ni baridi kuliko kazi inayofanya. La pili nimeliona likiongezeka kwa sababu ya ushauri wa haraka kwamba kila turbo iwekewe plagi baridi. Gari ambalo halijaongezwa presha, linalotumia saa nzima kwenye foleni ya Mandela au Thika Road, haliwezi kuifikisha plagi baridi kwenye joto la kujisafisha. Masizi yanajenga, linaanza kugoma asubuhi, na mwenye gari anaambiwa petroli ni chafu. Mrudishie namba ya kiwanda.

Plagi zote nne zikiwa nyeusi na daraja ni sahihi, shuku hewa inayovuja baada ya turbo. Jambo hili wengi hawalifikirii. Sensa ya hewa iko mwanzoni, karibu na eyaklina, nayo hupima hewa yote inayoingia na kuiambia kontroli boksi (kompyuta ya injini) itoe petroli ya kutosha hewa hiyo. Hozi ya intakula (kipoza hewa ya turbo) ikiwa imepasuka au klipu imelegea, sehemu ya hewa iliyokwisha kupimwa inatorokea nje turbo inapovuta. Petroli inabaki nyingi, moshi mweusi unatoka, gari linakata pumzi. Utasikia mlio wa kupuliza ukikanyaga. Pitisha mkono chini ya kila hozi, uzikunje. Nyufa nyingi hujificha upande wa chini ambao huuoni.

Eyaklina iliyoziba, injekta inayodondosha na sensa chafu ya hewa huleta picha hiyohiyo. Plagi moja tu ikiwa nyeusi na tatu nzuri, ni ya silinda hiyo: injekta yake, koili yake.

Nyeusi yenye kulowa na kung'aa ni oili. Inaweza kuwa ringi, vali sili, au vali ya kutolea hewa ya krenki iliyoziba. Turbo iliyochoka sili nayo hupeleka oili kwenye njia ya hewa. Fungua hozi ya intakula uone kama ndani kuna dimbwi. Hapa hakuna plagi itakayotibu. Ukiweka moto zaidi ili iunguze oili, umehamisha ugonjwa kwenye pistoni.

Rangi ya kutu, nyekundu kama udongo wa Moshi, hutoka kwenye vile vichupa vya kuongeza oktani (uwezo wa petroli kuhimili mbano bila kugonga) vyenye chuma au manganizi. Utando huo hupitisha umeme. Acha kichupa, badili plagi.

Linagonga, na ncha ni nyeupe

Dalili zote zilizotangulia zinaweza kusubiri mwisho wa wiki. Hii haiwezi. Kauri nyeupe pee, yenye malengelenge, ncha iliyoanza kuyeyuka: plagi imepita joto lake. Ukiona vidoa vidogo sana vinavyong'aa kama chumvi ya fedha juu ya kauri, ni alumini, na alumini iliyo karibu ni ya pistoni. Kauri iliyopasuka au kumeguka ni pigo la mgongano wa mwako. Gari lisiendeshwe kwa presha tena mpaka sababu ijulikane.

Anza na petroli. Subaru hizi za turbo kutoka Japani zilitengenezwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani isiyopungua 96 na vituoni huuzwa yenye 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya 100. Kompyuta hujitahidi kurudisha nyuma muda wa cheche, lakini ina mpaka wake, hasa kwenye mlima, joto la mchana, na mzigo. Tumia daraja la juu kabisa unalolipata, na usilikamue gari kwa gia kubwa likiwa na mzunguko mdogo.

Kisha uliza kama plagi zilikazwa. Hili linaonekana dogo, na ndilo linaloumiza. Sehemu kubwa ya joto la plagi hutoka kupitia tredi na washa (pete ya chuma iliyo juu ya tredi) kwenda kwenye hedi. Plagi iliyolegea haina pa kulipeleka, kwa hiyo hata ya daraja sahihi inageuka plagi moto. Silinda moja nyeupe na tatu nzuri: kumbuka jinsi ile moja ilivyofunguka. Kama ililegea kwa vidole, jibu umelipata.

Baada ya hapo ndiyo utazame petroli pungufu (pampu dhaifu, filta iliyoziba, injekta iliyoganda), na kama kuna mtu aliongeza presha ya turbo bila kurekebisha programu. Daraja la joto lililo moto kupita kiasi linaingia hapa pia, kwa mfano 5 pahali pa 6.

Wenye TSI na injini nyingine za kisasa zenye petroli kupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda wana jambo la ziada. Mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya wakati kwenye mzunguko mdogo na mzigo mkubwa, kwa pigo moja zito, na chanzo kimojawapo ni viungo vya kalsiamu vilivyomo kwenye oili. Angalia daraja la ubora kwenye kopo la oili: API SP, iliyoanza 2020, au SN Plus iliyoitangulia 2018, zimepimwa kwa tatizo hili. Kubadili plagi peke yake hakutoshi.

Plagi mpya, tatizo lilelile

Feki zipo, na zimetengenezwa kwa macho ya mnunuzi mwenye haraka. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu uivute karibu. Plagi halisi ya iridiamu ina ncha nyembamba, mara nyingi 0.6 mm au chini, na mahali inaposhikana na chuma chini yake panaonekana mshono safi wa leza. Feki nyingi zina ncha iliyobandikwa, isiyonyooka, au ni nikeli iliyochongwa tu. Tredi za halisi zimeviringishwa, zinang'aa bila mikwaruzo. Washa ya halisi haitoki kirahisi ukiizungusha kwa vidole. Pima kwa mita kutoka juu hadi ncha ya kati: yenye rezista husoma karibu kiloomu 5, na nne za boksi moja hazipaswi kutofautiana sana. Ikisoma sifuri, rudisha.

Urefu wa tredi ni kosa la gharama kubwa zaidi. EJ205 ya WRX hutumia tredi ya 19 mm, lakini EJ257 ya STI (Impreza yenye nguvu zaidi) hutumia SILFR6A yenye 26.5 mm. Jina la Subaru ni lilelile, hedi ni tofauti. Ndefu ikiingia kwenye hedi ya fupi, inakutana na pistoni. Fupi ikiingia kwenye hedi ya ndefu, injini itawaka, lakini ncha imejificha kwenye shimo, na tredi zilizobaki wazi zinajaa masizi magumu. Siku ukileta plagi sahihi haziingii. Wakati injini imebadilishwa, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyokwisha kufungwa injini ya mtumba, usitegemee kadi ya gari. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku.

Ukifunga, anza kwa mkono mpaka washa ikae. Kisha toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kwa tredi za 14 mm kwenye alumini huwa kati ya nyutoni-mita 20 na 30. Huna toki renchi? Plagi mpya yenye washa: nusu mzunguko hadi theluthi mbili baada ya kugusa, basi. Grisi kwenye tredi usiweke, kwa sababu nyingi zimepakwa kinga tayari, na utelezi unakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Za iridiamu na platinamu usizisugue kwa brashi ya waya. Kama mwanya unahitaji kurekebishwa, gusa mkono wa pembeni peke yake. Ncha ya kati ikiegemewa inakatika.

Lini ushuke daraja

Presha imeongezwa kweli na programu imerekebishwa: shuka daraja moja la joto, yaani plagi baridi zaidi, kutoka 6 kwenda 7 ya NGK. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji ni daraja moja kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa. Ukienda 8 kwenye gari la kwenda kazini, jiandae kuzisafisha. Mwanya nao unaweza kupunguzwa hadi 0.7, au 0.6 kama bado inazimika, lakini mwanya mdogo sana huifanya sailensa itetemeke.

Kuhusu madini: nikeli ya kawaida ni rahisi na inafanya kazi vizuri kwenye turbo, ila hulika upesi, kwa hiyo ipime mwanya mara kwa mara na usiiache ipite kilomita 20,000 hivi. Iridiamu hudumu zaidi na ncha yake nyembamba inahitaji volti chache kuruka, faida ambayo turbo inaihitaji hasa. Ile kilomita 100,000 inayoandikwa kwenye boksi ni ya injini tulivu. Kwa turbo, 60,000 ni umri wa heshima. Nikeli halisi ni bora kuliko iridiamu ya mashaka.

Baada ya kufunga, nenda mlimani ulikoanza kusumbuka, ukanyage gia ya tatu mpaka turbo ivute kikamilifu, na mtu mwingine aangalie mashine ikihesabu misi za kila silinda. Baada ya kilomita elfu moja hivi, toa plagi moja, ile iliyo rahisi kuifikia, uitazame rangi.